Karibu, Usikaribie

Maagizo ya kampuni yalikuwa mafupi:
usigonge. Weka mfuko chini, rudi hatua sita,
piga picha, ondoka.
Mimi mzaliwa wa Pangani. Sijui kuufikia mlango
na kuuacha kimya, kama mwizi.

Kwa hiyo pale Mabela, nyumba ya geti la kijani
lenye kutu kwenye bawaba,
saa tisa mchana, lami ikinata kwenye soli,
niliweka samaki wa kukaanga na mikate miwili,
nikarudi hatua zangu, nikasema
ndani ya barakoa, kwa mazoea tu:
Hodi.

Kimya. Kiyoyozi kikakohoa.
Kisha sauti ya bibi, yenye Ng'ambo ndani yake:
"Karibu..."
Ikajikata.
"Hapana, mwanangu. Usikaribie."

Tukacheka, kila mtu upande wake wa mbao.
Karibu: neno la kumfungulia mtu mlango,
na ndilo hilo hilo la kupimia umbali.
Mwaka ule halikujua lisimame wapi.

Akawa ananiagiza Jumatatu na Alhamisi,
futari ya siku zake za kufunga.
Sikuwahi kumwona. Nilijua vidole tu,
hina iliyofifia kwenye kucha, vikisukuma nje
kopo la halua lenye maji ya siki,
na ndani ya siki riyali moja na noti tatu za baisa mia
zimelowa kama achari.
Nilizianika juu ya tangi la pikipiki.
Zilikauka kabla sijavaa kofia.

Aliuliza jina. Mwinjuma, nikasema.
Yeye Bi Raiya. Aliuliza nazi Pangani
siku hizi bei gani.
Nilitaja bei. Nilibuni.

Mwezi wa sita homa ikanikuta.
Chumba chetu Hamriya, vitanda vya kupandana, watu saba;
sita wakahamia juu, nikabaki na feni
na ulimi usiojua chumvi.
Siku ya nne, nje ya mlango, mchakacho wa karatasi.
Alikuwa Shafiul, mtu wa Silheti, mwenzangu wa zamu,
asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji.
Nikasikia hatua zake zikirudi nyuma,
akizihesabu kwa Kibengali, mpaka sita,
halafu akalitoa neno alilokaririshwa
kwenye geti la kijani,
akalibeba njia nzima lisimwagike:
"Odi."

Nilitaka kumjibu. Koo lilikuwa msumeno.
Nikagonga ukuta mara mbili kwa kijiko.

Uji wa pilipili manga, ndani ya kopo la halua.
Sikupata ladha yake. Niliunywa wote.
Chini ya kopo, risiti, na nyuma ya risiti
maneno ya kalamu, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
nikiyasoma polepole, kidole kwa kidole, kama chuoni:

Kopo langu usimpe mtu.
Ulilete mwenyewe.