Baki

Buti zimekuja za namba tisa tupu.
Mimi navaa tano. Nimesokomeza singa za mkonge
nchani, na kisigino kikicheza ndani
nasema nacho kiko gwaride.

Saa kumi na moja alfajiri, filimbi.
Ndoo moja ya maji kwa wasichana sita.
Mche wa sabuni tumeukata kwa uzi,
vipande vyembamba kama kucha.
Halafu ghala. Halafu daftari:
Imeingia. Imetoka. Baki.

Blanketi mia nne, zimetoka.
Sufuria za kikosi zimetoka, mbili hazina mifuniko.
Treni inapiga honi kuelekea Korogwe
nami nabaki na vumbi la magunia puani
na Koplo Shekalaghe akidai kalamu yake.

Mama alikuja getini kutoka Muheza
na machungwa kumi; matatu yaliishia kwa mlinzi.
Akanivuta pembeni, sauti chini:
"Nakijwa, umeshaua mtu?"
"Nimehesabu soksi, mama."
Akamshukuru Mungu,
kisha nikamwona amenywea kidogo:
majirani atawaambia nini?

Mwezi wa nne vikaanza kurudi vitu.
Si watu. Vitu.
Makoti thelathini na moja, yafuliwe, yagawiwe tena.
Kazi yangu kupekua mifuko.
Tumbaku. Kitana. Kitunguu kilichoanza kuota.
Na risiti: Fundi Kombo, Barabara ya Nane,
redio, imelipwa kumi, baki saba.
Jina limeloa, halisomeki.

Jumapili tulipewa ruhusa ya saa nne.
Wenzangu wakaenda Raskazone kuchovya miguu.
Mimi nikaburura namba tisa zangu
hadi Barabara ya Nane, nikaweka shilingi saba mezani.
Fundi akatazama sare, akatazama risiti.
"Wewe nduguye?"
"Mimi ghala."
Hakucheka. Akapuliza vumbi, akawasha.
Ikakohoa, ikaangukia katikati ya matangazo ya vifo.
Akaizima upesi, kama aliyeungua kidole.

Iko rafu ya juu, nyuma ya maboksi ya tochi.
Nimeiandika kwa kalamu ya Koplo:
Redio, moja. Imeingia.
Safu ya pili nimeiacha wazi,
na Koplo akikagua, hapo huruka mstari.

Betri nimezitoa,
zisije zikavuja akichelewa.