Kikombe Kilichojaa

Alifika na buti mpya na pumzi za kukopa.
Ngazi ya kumi na moja akaketi,
akaashiria kwamba anapiga picha.
Kamera ilikuwa bado na kifuniko chake.

Sisi wa Shungru tunawajua hawa.
Hewa ya kwetu ni nyembamba kama mchuzi wa mwisho wa mwezi;
mgeni huiteka kwa mikono miwili
ikampita vidoleni.
Nikamwambia mama: huyu tumlaze chini leo,
monasteri haiendi popote.
Mama akaniangalia tu,
yeye aliyeiona ikienda, boriti kwa boriti,
mwaka asiopenda kuutaja,
kisha ikirudi, nusu yake kwa mbao za kununua.

Mama ni Choezom, mwenye goti bovu.
Akaleta chai yetu, ya siagi ya yaki na chumvi,
iliyosukwa katika pipa refu la mti hadi likalia kama bata.
Mgeni alitarajia sukari.
Uso ukakunjamana, adabu ikaukunjua.
Akapiga funda, mama akajaza.
Akamaliza, mama akajaza.
Amelelewa vizuri, na hilo ndilo lililomponza:
kwao, nadhani, chombo kitupu ni shukrani;
kwetu kikombe kitupu ni mtu analia kiu.
Wakaenda hivyo, heshima ikipigana mieleka na heshima,
hadi kikombe cha tisa,
paji la uso linang'aa kama limepakwa,
ndipo mwanangu Rabgyal, miaka sita, pengo mbele,
alipofunika kikombe kwa kiganja chake kidogo,
akatikisa kichwa:
kiache kimejaa.

Kesho yake akaenda kuuzunguka ukuta.
Akaanza kinyume, bega la kushoto ukutani,
akakutana uso kwa uso na kijiji kizima.
Hakuna aliyemkaripia.
Bibi Tsamchoe alimshika mkono wa koti
akamgeuza kama anavyogeuza mkate jikoni,
wala hakukatisha sala, wala hakupoteza hesabu ya shanga.
Wakaendelea pamoja, mmoja akihema, mmoja akinong'ona,
na magurudumu ya sala yakilalamika kwa kukosa mafuta.

Siku ya tatu, mgeni hupewa jembe.
Huku jembe lilikuwa limelala chini ya barafu,
tukampa kitambaa.
Lhundup mshika funguo akamfungulia chumba cha taa,
vikombe vya shaba mia tatu na ushee,
kila kimoja na siagi ya jana imeganda matakoni.
Akafuta tangu asubuhi.
Ukucha ukaingia weusi ambao hautatoka upesi.
Saa sita akainua macho kwenye sanamu kubwa,
akauliza kwa vidole: ina miaka mingapi?
Lhundup alifikiri sana.
Kisha akaonyesha mkono, ulioangushwa;
shingo, iliyoungwa;
pua, aliyoichonga fundi mlevi lakini mcha Mungu;
akamalizia na kitambaa chake mwenyewe, kilicholowa:
leo. Ya leo.

Sijui kama alielewa.
Alirudi kufuta.

Gari lilipiga honi kabla ya jua kuvuka mlima.
Mama akammiminia, goti likigugumia,
hadi ukingoni, hadi chai ikatuna.
Akakitazama kile kikombe kama mtu anayesoma barua.
Akagusisha midomo, akakiweka chini.
Kimejaa.
Rabgyal akacheka pengo zima likaonekana,
akamkimbilia hadi kwenye daraja,
akarudi na kifuniko cha kamera mfukoni,
sijui alipewa au alichukua,
na sikuuliza.

Jina lake alilitamka mara mbili,
nasi mara mbili tukalivunja.
Kwetu aondokaye huachiwa chai yake,
ili njia ikumbuke kwamba ana deni.
Kikombe kiko dirishani, kimeota utando wa njano.
Nikifuta vumbi nakiinua kwa mikono miwili,
nafuta chini yake,
nakirudisha polepole,
kisimwagike.