Ganda la Kumi

Bombo, saa nne usiku. Umeme umekatika tangu magharibi.
Nimefunga dirisha ili upepo usiguse mizani.
Niliinunua kwa sonara wa Jinja siku aliyofunga duka:
ilipima pete za arusi,
sasa inapima baruti, punje kwa punje.
Dada yangu Khemisa yuko mkekani na kikapu chake,
ukindu mwekundu, ukindu mweusi.
Anauliza bila kuinua macho:
"Na wewe unasuka nini?"

Nasuka maganda kumi.
Yote yameshalipuka mara nne.
Nimeyachemsha kwa ndimu, yanang'aa kama sufuria za Idi.
Ganda likishapigwa hulikumbuka tumbo la bunduki yake;
lipeleke kwenye bunduki ya jirani,
litagoma mlangoni.
Kwa hiyo mwili siugusi. Nabana shingo tu,
natia fataki, namimina baruti,
nakalisha risasi juu yake kama kizibo.

Lakini kwanza, spoki ya baiskeli niliyoipinda ncha.
Naiingiza ndani, nakwaruza ukuta taratibu,
nasikiliza kwa kidole.
Penye ufa usioonekana, spoki hunasa.
Tisa, laini.
La kumi, sijui.
Kama ilinasa, ilinasa kidogo,
kama neno kooni mwa mtu anayekaribia kusema kweli.
Nikalijaza hivyo hivyo. Maganda haya hayaokotwi njiani.

Bunduki ni ya aina aliyoibeba babu, Rehan Fadlmula,
askari wa keya, aliyekwenda Burma
akarudi na medali moja na sentensi moja:
"Mvua ya kule hainyeshi, inakaa."

Jumamosi, bonde la nyuma ya kambi, ukungu bado umo kwenye mafunjo.
Tuko kumi na mmoja na vyuma vyetu vya vita vya wengine:
daktari wa meno kutoka Mbarara,
mzee wa Arua na Mauser yake ndani ya blanketi la mtoto,
Kapteni mstaafu Okwir, ambaye amemaliza na tisini na tatu.
Mita mia tatu. Nalala kifudifudi.
Kila ninapofyatua namshukuru Mungu kwamba karatasi haina mama.

Risasi tisa: themanini na sita.
Nahitaji nane tu, na nane kwangu ni kama kupiga chafya.
Naisukuma ya kumi ndani. Nafunga komeo.
Ncha ya shabaha imetulia chini ya doa jeusi.
Kidole kinakumbuka spoki.

Nikafungua komeo, nikaitoa.
"Nimemaliza, afande."
"Bado moja," mwamuzi akasema.
"Nimemaliza."
Okwir alinitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika,
kisha akaenda kuchukua kikombe chake.

Usiku ule nikaing'oa risasi, nikamwaga baruti,
nikalipasua ganda kwa msumeno wa chuma, kutoka mdomoni hadi kitakoni.
Nikasogeza taa.
Ukuta mzima. Safi. Halina hata kovu.

Nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.
Khemisa hakucheka. Alikuwa anafumua mizunguko mitatu
kwa ajili ya uzi mmoja mweusi uliokaa penye mwekundu,
upande wa ndani, mahali ambapo mnunuzi huweka machungwa.
Akanyoosha mkono, akachukua nusu moja ya ganda,
akalaza sindano yake humo.