Alama Mbili

Tulikuwa arobaini na wawili, enzi za kiwanda.
Tumebaki saba, na katika saba hao
mmoja ana goti la bati, ndivyo asemavyo mwenyewe:
Kondo, mbeba ngoma kubwa tangu king'ora cha zamu ya usiku
kilipokuwa bado kinalia Chang'ombe.

Jumamosi, uwanja wa shule, Temeke, chokaa mbichi mistarini.
Bendi za vijana zimeshuka kwa mabasi,
themanini, tisini, mia na kumi,
manyoya mekundu kofiani, viatu vinang'aa
hadi nzi anateleza.
Sisi tulikuja na bajaji tatu.
Ngoma ya Kondo ilipanda guta peke yake,
imefungwa kamba ya katani kama mbuzi wa Idi.

Kanuni iko ukurasa wa nne:
bendi ni watu ishirini kwenda juu.
Katibu, kijana mstaarabu, akatuamkia mmoja mmoja,
shikamoo saba,
kisha akatupa nafasi yetu:
baada ya bendi ya nane, kabla ya chakula,
Onesho la Heshima.
Bila alama.

Naijua hiyo heshima.
Ni kiti cha plastiki kivulini.
Ni soda unayofunguliwa hujasema unataka ipi.
Ni majaji kuweka kalamu chini ukiingia
na kupiga makofi hujapiga kitu.

Tabu binti Shomvi, wa matoazi, hakukikalia kiti.
Alikwenda hadi mezani kwao, kanga kiunoni juu ya sare:
"Mwanangu, sikuja kuamkiwa.
Nimekuja kukosolewa."

Ngoma ikivuma sana hupasuka, wanasema.
Yetu ilishapasuka, tukaitia kiraka, ikapasuka pembeni ya kiraka.
Ngoma ya watoto haikeshi, wanasema.
Ya wazee nayo haikeshi, tusidanganyane:
saa sita na nusu kuna kidonge cha presha,
na Ngonyani akiipandia noti ya juu
hurudi na kikohozi.
Lakini muulize yeyote aliyewahi kushika mikwiro:
katika watu mia pana pa kujificha,
ukikosa, jirani anakufunika.
Saba hawana shuka.

Tukaingia.
Nikatoa mapigo manane ya mwanzo kwenye ngoma ndogo.
Pale ambapo zamani tromboni sita zingedakia
tuliacha pengo, kwa makusudi,
mapigo manne:
Nampoto. Chambuso. Likumbo na mdogo wake.
Tukahesabu midomo imefumba,
kisha Tabu akayagonganisha.

Kwenye kona ya goli, geuka kushoto,
goti la Kondo likakataa.
Hatua moja nyuma. Uwanja mzima umeona.
Nami nikaona, pale mezani,
jaji mmoja tu, msichana wa miwani,
akiokota kalamu.

Jioni vikombe vikagawiwa. Hatumo.
Guta likifungwa kamba, msichana akatufuata getini
na karatasi iliyokunjwa mara nne.
Mdundo: kumi na nane juu ya ishirini.
Sauti: tarumbeta inahitaji pumzi.
Kimya cha mapigo manne: sijui nikiandikie nini.
Mwendo: alama mbili zimekatwa. Ngoma kubwa, kona ya kushoto, amechelewa.

Kondo alisomewa mara tatu.
Akacheka hadi akakalia tairi la guta.
"Amechelewa! Wameandika nimechelewa!"
kama mtu aliyeletewa barua ya kazi.

Tukapita kwa mpiga fotokopi, Tandika. Nakala saba.
Ngonyani akaikunja yake ndani ya kofia, hakusema neno.

Jumanne, saa kumi, nyuma ya gereji, Keko:
hatupigi wimbo wowote.
Tunageuka kushoto.