Mkono wa Birika

Pale Kirinyaga Road, dukani kwangu kwa nati na bolti,
walinibandika jina: Birika.
Chenji ilitoka kiganjani kwa kuchokolewa,
shilingi tano imekwama chini ya kidole cha pete,
na Ougo, fundi wa breki, akiangua kicheko:
"Mghanga, hata ukitaka kutoa, mkono unakataa!"

Nilicheka nao. Ningefanyaje?
Palianza sugu, punje ya mtama ndani ya ngozi.
Punje ikaota ugwe, ugwe ukavuta
kidole cha pete, kisha jirani yake mdogo,
mwaka baada ya mwaka,
kama mtu afungaye mlango asiamshe watoto.
Nikaacha kutia mkono mfukoni.
Nikaacha kupiga makofi kanisani.
Kunawa uso kukawa kujidunga jicho.

Daktari Chelagat hakuuliza mengi.
"Laza kiganja mezani."
Nikalaza. Kikasimama kama daraja;
akapitisha kalamu chini yake, ikatokea ng'ambo.
"Basi," akasema, "tutakata."

Walinitia ganzi kwapani, wakaniacha macho.
Nyuma ya pazia la kijani nikasikia mkasi,
ule mkwaruzo wa kukata kamba ya gunia kuukuu,
na redio ikitangaza msongamano wa Mombasa Road.
Nikaomba kuuona huo ugwe. Akaniinulia:
uzi mweupe, mfupi kuliko njiti ya kiberiti.
Huo tu?
Miaka tisa, huo tu?

Wiki zilizofuata usiniulize.
Mshono umekwenda kombokombo, njia ya mlevi;
gango usiku kucha; Kerubo wa mazoezi akivuta,
nami, mzee mzima, nikimwita mama
aliyelala Wundanyi tangu themanini na mbili.

Kidole cha mwisho hakikunyooka chote.
Nyuzi kumi na tano zimebaki, na daktari hakunificha:
huenda kikarudi kujikunja.
Wakesho alikipima kwa jicho, akasema,
"Kiache. Nitakutambua gizani."

Leo asubuhi Ougo kaja kununua bolti nne.
Nimempa chenji kwa mkono uleule,
kiganja wazi, kovu juu,
sarafu zimelala bila kushikiliwa na mtu.
Ametazama. Amenyamaza kidogo.
Kisha akaniomba mkopo.