Mwisho wa Stima

Kitambulisho changu kinasema Nairobi,
sidanganyi nikisema nakaa Nairobi,
ila mwenye bodaboda hujikuna kichwa
nikimwelekeza: vuka mabwawa ya majitaka,
pita timbo la mawe, pita bango la ploti
zilizouzwa mara tatu kwa watu watatu,
halafu uliza.
Kwetu hakuna anwani. Kuna kuuliza.

Panaitwa Mwisho wa Stima
kwa kuwa nguzo ya mwisho ya umeme ilikomea hapa,
mbele ya duka la dawa ninalouza,
ikainama kidogo upande wa Machakos
kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Ndege hushuka juu ya mabati yetu, magurudumu nje tayari.
Nadhani kule ndani wanaambiwa, karibuni Nairobi.
Sisi hunyamaza mpaka ipite,
kisha Mama Kerubo huiokota sentensi
pale pale ilipomwangukia.

Nayajua mengi mno.
Najua nani hukata vidonge vya presha nusu kwa nusu
ili wavuke mwezi pamoja, yeye na vidonge.
Namjua aliyenunua kipimo cha mimba
akakifunga ndani ya gazeti, gazeti ndani ya mfuko,
na kabla hajavuka barabara
Kasyoka wa mboga keshaniuliza: kulikoni?
Nikasema ni dawa ya minyoo.
Kufika jioni
minyoo ilikuwa na jina la baba.

Mvua ikishika, udongo mweusi nao hushika:
viatu, magurudumu, lori la maji, mkate.
Mwaka jana siku tano tuligawana unga kwa kikombe,
madeni tukayaandika daftarini,
daftari likalowa, wino ukaondoka na maji.
Kila mtu akaja kulipa kwa kumbukumbu yake.
Isipokuwa Odera.
Odera mpaka leo anaapa kilikuwa kikombe kimoja.

Nimewahi kupachukia, nisifiche.
Kuna Jumapili nilitamani kukohoa
pasiwe na mtu wa kuniletea tangawizi.

Julai wakaja vijana wenye kofia za njano,
wakachimba, wakasimamisha nguzo kumi na nne
kwenda kule nyikani kwa Halake wa mbuzi.
Usiku huo, mahali ambapo macho yetu
yalizoea kupumzika gizani,
taa ikawaka.
Tukatoka na ndala kuitazama.
Hakuna aliyeshangilia.
Mtoto wa Kerubo akauliza:
sasa hapa patakuwa mwisho wa nini?

Hatukumjibu; Kasyoka alisingizia sufuria motoni.

Nguzo yetu ingali imeinama.
Nimeibandika karatasi:
Dawa zipo hadi saa tatu usiku.
Ukikuta pamefungwa, zunguka nyuma,
gonga dirisha lenye pazia la maua,
sema wewe ni nani.

Hilo la mwisho nimeliandika kwa mazoea tu.
Nitakuwa nimeshakujua kwa mwendo.