Upenyo

Kilifika kimefungwa ndani ya soksi,
soksi ndani ya kiatu, kiatu ndani ya begi la mtu wa kanisa:
kisu cha kukunja, kengee tatu, mpini wa mfupa
rangi ya chai iliyolala sufuriani.
Kaka yangu Onsare alisema kwenye simu,
"Hicho ni cha Marekani hasa. Hata babu zao
walitembea na hicho hicho mfukoni."

Nikakipima ninavyopima mche,
kwanza uzito, halafu jicho.
Shaba imesuguliwa mpaka naiona pua yangu.
Ribiti huzioni, labda uzipapase kwa ukucha.
Kengee kubwa ukiifungua, ta!
Ukiifunga, ta!
kama mlango wa benki.
Ya pili hufunguka kwa kusitasita,
kama mdeni aliyeitwa jina.
Na ya tatu, Mungu anisamehe, inacheza.
Kidogo tu. Jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha nikakiinua kwenye jua la saa nne,
hapa kitaluni, kando ya Barabara ya Ngong,
malori yakiipaka miche yangu vumbi,
nikaona mwanga
ukipita kati ya springi na bamba la shaba,
mwembamba kama unywele.
Upenyo.
Kutoka Marekani!

Wamaitha wa vyungu alicheka mpaka akakaa chini.
Yeye ana cha marehemu babake, kilichotoka huko huko,
kimenolewa miaka hata kengee imebaki sindano ya magunia,
mpini una ufa. Lakini kiinue juani:
giza tupu. Kimefumba kama mdomo wa shahidi.
"Wale wa zamani," akasema, "walikuwa na muda."

Jumamosi nikakipeleka Gikomba kwa Musembi,
anayefua patasi kutoka springi za Landrova.
Hakucheka. Alikitia sikioni, akafungua, akafunga,
mara saba, kama daktari na kifua cha mtu.
"Chuma hakina kesi," akasema.
"Ila aliyepiga ribiti hii alikuwa amechoka.
Tazama, nyundo imekuja upande.
Hii ni kazi ya saa ya mwisho.
Niibane?"
Nikamwambia, ngoja kwanza.

Kwa sababu Onsare hufanya kazi usiku
katika mji ambao siwezi kutamka jina lake,
akitenganisha mapaja ya kuku na miili yao.
Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, watu husema;
yeye hushika kikali kuliko vyote hadi alfajiri
na hula tambi.
Sauti yake, kwake asubuhi, kwangu jioni,
ina mahali upepo unapita.
Sijawahi kumuuliza.
Husema kazi ni nzuri, ni baridi tu.
Na kuna mtu huko, mezani kwake,
amefungua pakiti ya kuku akaguna:
huyu amekatwa vibaya,
zamani hawakuwa hivi.

Musembi akaikaza ile ya tatu kwa mapigo mawili,
akanitoza mia na hamsini.
Upenyo nikauacha.

Sasa kengee zimeanza kugeuka rangi.
Utomvu wa parachichi umezitia buluu na kijivu,
anga ya Julai juu ya Dagoretti.
Onsare angedhani ni kutu. Si kutu,
ni chuma kinazoea watu.
Mwezi huu nimebebesha miche mia mbili na kumi,
kumi na minne tu imekataa.
Nachonga kikonyo, napasua shina, navikutanisha,
na pale pasiwe na nafasi hata ya unywele,
kwa hiyo nafunga utepe, nakaza kwa meno.

Jioni natoa uchafu upenyoni kwa njiti ya kiberiti:
udongo mwekundu, uzi wa gome,
chembe ya kitu nisichokijua,
labda kilikuja nacho.
Leo nitampigia.
Nitaanza na kisu, nimwambie kinakata.
Halafu nitamuuliza mikono.